Mstari wa Nane wa Chaki

Mstari ule wa chaki kwenye gurudumu la nyuma la tela la baba niliuchora mimi. Naliweka hili mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikijipa aya mbili tatu za utangulizi nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe, na msomaji ataondoka akidhani nimeandika habari za malori. Kwa miaka arobaini nimekana. Nilikana mbele ya baba, nikakana mbele ya mama, na ilipofika siku ambayo hakuna tena aliyekuwa akiniuliza, niliendelea kukana peke yangu, nikiosha vyombo.

Nimesoma chuo kikuu. Niliwahi kuandika makala, na watu wakaisifu, kuhusu wakubwa wa nchi hii wasivyojua kutamka neno "nimekosea". Niliimaliza kwa siku moja bila kusita mahali popote. Sasa hili la chaki, ambalo lingetosha mstari mmoja, limenishinda miaka yote hiyo.

Tulipomzika baba pale Nyasubi, Kahama, siku ya tatu ya msiba nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta mahali pa kupumua. Palikuwa yadi yake zamani. Lori na tela viliuzwa siku nyingi na mchicha pori umeota kila upande, lakini udongo bado mweusi kwa oili, na jua la saa saba lilipoupasha ukatoa harufu ile ile: grisi, mpira wa tairi, na magome ya miti mibichi. Nilikuwa nimesimama hapo nikinusa kama mbwa aliyepotea, mwanamke wa rika langu akaja, kajifunga kitenge kifuani.

"Pole na msiba, dada."

"Tumeshapoa. Samahani, sura imenipotea."

"Hukosei, ni siku nyingi. Mimi Holo, wa Fundi Jilala."

Nilimwuliza baba yake anaendeleaje. Akasema ni mzima, yuko kule Ushetu kwenye tumbaku yake, na amemtuma yeye kwa sababu mwenyewe hakuweza kujileta katika yadi hii. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama bado anashika spana.

"Spana?" Holo alicheka. "Dada, mzee yule hakazi hata nati ya baiskeli. Pancha ikitokea anaita jirani. Anasema mikono yake ilimdanganya mara moja, hataipa nafasi ya pili. Sisi tumemzoea."

Nilicheka naye. Ndiyo adabu niliyolelewa nayo: mwenzako akicheka msibani, unamsindikiza. Kabla hajaondoka aliniandikia namba ya simu ya baba yake, na niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, mahali ninapoweka risiti ambazo sitazihitaji.

Baba alikuwa akiuza matimba. Ndivyo wachimbaji wanavyoyaita magogo ya kuegemezea kuta za mashimo yao ya dhahabu, yasiwaangukie. Aliyanunua porini Ushetu, akayaleta nyumbani Kahama, akayapanga kwa unene, kisha akayapeleka kwenye machimbo ya upande wa Geita. Biashara yenyewe ilikuwa lori moja na tela moja, vyote vimezeeka kabla sijazaliwa, na kilichovifanya vitembee hakikuwa injini. Kilikuwa Fundi Jilala.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo sisi watoto tuliamini yalikuzwa na kazi yake, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza. Asubuhi ya safari alizunguka na nyundo ndogo, akaigonga nati moja baada ya nyingine, gurudumu baada ya gurudumu, kichwa kakiinamisha upande. Nati iliyokaza ilitoa mlio mwembamba unaokaa hewani. Iliyolegea ilitoa sauti ya kufa, kama kugonga kibuyu chenye maji. Akiridhika na gurudumu lote, alitoa chaki kwenye kopo la kahawa na kuchora mstari mmoja mnene kwenye tairi, kutoka ukingoni kwenda katikati. Mistari minne ya lori, minne ya tela. Dereva alizunguka nyuma yake, akahesabu kwa kidole, na bila minane hakupanda. Njiani vumbi lilifuta yote, na safari nyingine ikawa na mistari yake mipya.

Chaki nilikuwa nampelekea mimi. Nilikuwa naokota vipande chini ya ubao wa darasani, navificha kwenye soksi, na Fundi alivipokea kwa mikono miwili kama anayepewa kitu cha thamani. "Asante, mayu," aliniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Wasukuma humwita hivyo hata binti wa miaka tisa wakimpenda. Mara nyingine alinipa nyundo nigonge mwenyewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na hii?"

"Nimesikia."

"Zinafanana?"

"Zinafanana," nilisema, nikitaka kumfurahisha, naye alicheka hadi akakaa chini. "Basi wewe utakuwa mwalimu. Kwenye magari utatuua."

Sikuwa nasikia tofauti yoyote. Na kwa kuwa sikuisikia, nilijitafsiria kazi ile kwa akili niliyokuwa nayo. Bibi yangu hakumruhusu mtoto mchanga avushwe njia panda bila kupakwa majivu kwenye paji la uso. Padri naye, kila mwanzo wa Kwaresima, alitupaka majivu yale yale mahali pale pale, na alikuwa mtu aliyesoma kuliko bibi. Kwa hiyo niliona wazi kwamba nyundo ilikuwa ya kubisha hodi tu, na chaki ndiyo kinga. Gurudumu lililochorwa linarudi nyumbani. Nilikuwa na ushahidi: lori halikuwahi kuondoka bila chaki, na halikuwahi kukosa kurudi. Nimekutana na nadharia chuo kikuu zilizosimama kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Dereva wetu aliitwa Nkwabi. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, anayependa kunyoa ndevu kwenye kioo cha lori, na alikuwa mdogo wa Mama Holo, mke wa Fundi. Fundi ndiye aliyemwombea kazi kwa baba. Walitaniana kutwa nzima kama mashemeji wanavyotaniana.

"Shemeji, leo unagonga mpaka saa ngapi? Matimba yataota majani."

"Subiri. Dada yako ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe."

Likizo ile baba aliniahidi kwamba safari ya kwanza ningekwenda naye machimboni. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Nilifua gauni langu la kanisani nikalilalia ili linyooke. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wote wa mtaani kwamba nakwenda kuona dhahabu ikitoka ardhini, na mmoja wao, msichana mkorofi ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu siku hizi ni mkwe wa mtu, alisema kwa sauti kwamba baba yangu hatanipeleka popote.

Asubuhi yenyewe Fundi alimaliza lori, akahamia kwenye tela. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa limebadilishwa jana yake jioni, na nati zake alikuwa amezizungusha kwa mkono tu. Alitaka kuzikaza kwa bomba la chuma, lile la kuvisha kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, na bomba halikuwepo. Jirani mwenye gereji alikuwa ameliazima. Fundi akaweka nyundo na kopo la chaki juu ya gogo, akaniambia, "Mayu, nilindie vyombo, narudi sasa hivi," akaenda kulifuata. Mistari ilikuwa saba.

Baba alikuwa anatembea na kurudi. Magogo yalikuwa yamefungwa tangu jana, wachimbaji wanasubiri, na mawingu yanakusanyika upande tunaokwenda. Nikamsikia akimwambia mama dirishani: "Huyu akichelewa zaidi, safari iwe kesho. Na kesho sibebi mtoto, nitakuwa na mzigo wa watu."

Ndipo nilipochukua chaki.

Naikumbuka ile tairi kuliko nyuso za watoto wangu walipozaliwa. Ilikuwa na joto kidogo la jua la asubuhi, na mchanga ukaikwaruza chaki, ikakatika, nikamalizia kwa kipande kilichobaki. Nilichora mstari mmoja, mnene, kutoka ukingoni kwenda katikati. Nilifanya kazi nzuri. Tena niliongeza maneno ya sala, Salamu Maria nusu, kwa sababu nilijua mkono wangu ni mdogo kuliko wa Fundi na huenda kinga isishike.

Nkwabi alikuja akihesabu kwa kidole. "Saba. Nane. Shemeji kamaliza, kaenda kunywa chai bila kuaga. Mzee, twende."

Baba naye alitupa jicho, akaona mistari, akanipandisha katikati yao. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mkoa wa Shinyanga.

Tulikuwa tumeziacha nyumba za mwisho za mji, lori linapanda polepole kwa uzito wake, mara tairi likatupita upande wa kulia. Lilikuwa likienda peke yake, likiruka kidogo kwenye mawe, lina haraka zake. Nkwabi aliligeukia akacheka.

"Mzee, mwone mwenzetu kapoteza tairi na hana habari."

Nilicheka hadi nikashika tumbo. Baba hakucheka. Aliinama kutazama kwenye kioo cha upande, na wakati huohuo nyuma yetu kitu kikaanza kukwaruza barabara.

Nkwabi alisimamisha lori vizuri kabisa, na hilo lazima niliseme, maana baadaye lilisahaulika. Tela lilikuwa limelala upande, magogo yameegemea minyororo. Akashuka kwenda kuangalia. Baba alikuwa bado anafungua mlango wake Nkwabi aliposikika akisema, "Ah, nati zote zimeondoka," kisha mnyororo mmoja ukakatika. Sauti ya magogo yakishuka si kubwa kama mtu anavyodhani. Ni kama watu wengi wanaoweka mizigo chini kwa pamoja. Baba alinikandamiza uso kwenye kiti nisione, kwa hiyo nilichobaki nacho ni harufu ya kiti.

Watu waliotoka mashambani walikuwa bado wanainua magogo Fundi Jilala alipofika. Alikuwa amekuja kwa baiskeli ya kuazima, spana imefungwa nyuma, lile bomba kalishika mkono mmoja juu ya usukani. Alikuwa amekanyaga njia yote ile akidhani atatuwahi. Alipoliona tela akaiacha baiskeli ianguke.

Nilichofikiri saa ile ni kwamba chaki yangu imekataliwa. Niliona nimegusa kitu cha wakubwa bila ruhusa, nikasali nusu sala, na kinga imenigeuka. Ya nati sikuyajua. Niliyaelewa kidato cha pili, mwalimu wa fizikia akichora ubaoni bolti na nati, na nakumbuka niliinua mkono nikaomba kwenda chooni. Basi msomaji anaweza kumsamehe yule wa miaka tisa akitaka. Wa kidato cha pili ni habari nyingine.

Hospitali walimkata Nkwabi mguu chini ya goti. Siku iliyofuata baba alikaa uani na Fundi, mama kasimama mlangoni, mimi nimejishika kwenye kanga yake.

"Jilala, nani alichora lile gurudumu?"

"Mzee, mimi nilichora saba. La nane nililiacha. Ndiyo maana niliwafuata."

"Nkwabi alihesabu nane. Mimi mwenyewe niliona nane."

"Nilichora saba, Mzee."

"Kwa hiyo wa nane ulijichora?"

Baba akanigeukia. Hakunifikiria kabisa mimi; hilo nililiona usoni mwake, na ndilo lililonipa njia.

"Kabula, wewe ulikuwa pale. Ulimwona Fundi akichora?"

"Ndiyo," nilisema. "Alichora yote."

Nilimtegemea Fundi akasirike. Nilimtegemea aseme, mtoto huyu mwongo, maana alijua chaki natoa wapi na kopo alimwachia nani. Alinitazama kwa muda, halafu akaitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja.

"Kama mtoto kaona," alisema taratibu, "basi labda nilichora. Labda mkono ulienda wenyewe."

Kama ningekuwa na umri wa kujua, ningejua kwamba huo ndio mwisho wa fundi. Mtu aliyesikia nati legevu katika magurudumu manane aliamua kuamini sauti yangu kuliko kumbukumbu yake. Baba alimwachisha kazi siku ile ile, bila kelele, na wiki haikuisha Fundi na mkewe wakahamia Ushetu, wakamchukua Nkwabi akakae nao, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumtunza.

Mama aliniuliza mara moja tu. Nilikuwa nafunga sanduku la kwenda chuo, yeye ananikunjia mashuka. "Kabula, ule mstari," alisema, bila kumalizia. "Mama, si nilishasema?" nilimjibu, kwa ukali wa msomi mpya anayebughudhiwa na mambo ya nyumbani. Akaendelea kukunja. Hakuuliza tena hadi alipofariki.

Namba ile ilikaa kwenye mkoba wangu wiki tano. Niliandaa maneno. Nikayaandika, nikayafuta, nikaongeza aya kuhusu umri na dhana ya hatia, nikaona nimeanza tena makala. Jumapili moja baada ya misa, kabla sijavua viatu, nilipiga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Kabula. Wa Nyasubi. Mtoto wa mzee wa matimba."

"Aaa, mayu. Pole na mzee. Holo alinieleza."

"Fundi, ule mstari wa nane niliuchora mimi."

Maneno yote niliyoandaa yalikuwa yamekimbia, likabaki hilo. Kulikuwa na kuku upande wake, nikawasikiliza. Alipozungumza aliuliza swali la kifundi.

"Uliuchora kabla sijatoka au nilipokwisha kutoka?"

"Ulipokwisha kutoka. Ulipokwenda kufuata bomba."

"Kwa hiyo mimi nilichora saba."

"Ulichora saba."

"Ngoja hapo hapo. Usikate." Akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mama Holo! Acha hicho, njoo. Mayu, subiri, naweka sauti kubwa. Haya. Rudia."

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba."

"Mwambie," alisema Fundi.

Nikamwambia. Nilichora mimi, Fundi hakuwepo, nikasema uongo. Fundi akasema, "Tena, kuna mjukuu kaingia, na huyu asikie," nikarudia. Akaja jirani kuchukua jembe, naye akaambiwa asimame, nikarudia mara ya tatu, mtu mzima mwenye shahada mbili, nimesimama sebuleni kwangu na viatu vya kanisani. Sikukataa. Angeita kijiji kizima ningerudia.

Kisha Mama Holo akachukua simu. Nilijua ni yeye kwa pumzi kabla hajasema.

"Nkwabi tumemzika masika iliyopita," alisema. "Miaka yote hiyo amekaa kwangu na hakula sahani moja na mume wangu. Hata mimi, nisikufiche, kuna siku nilimpakulia mzee kwa mkono wa hasira."

"Naomba mnisamehe, mama."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mtoto," alisema, na sauti yake ikalegea, nikaanza kupumua.

"Ndiyo, mama."

"Na sasa una mingapi?"

"Arobaini na tisa," nilisema.